Ziara Isiyo na Duka

Hila ile kila mwanamke wa Kikantoni aliyewahi kupanda basi la ziara anaijua. Unalipa nauli rahisi, unapewa kofia, unaonyeshwa maporomoko ya maji mbiombio, halafu basi linakata kona usiyoijua na kusimama mbele ya jengo lisilo na madirisha. Ndani kuna mablanketi ya sufu, mafuta ya samaki, na kijana mwenye tai anayekuita mama kabla hujavuka kizingiti. Mlango unafungwa nyuma yenu, na haufunguliwi mpaka mtu anunue. Mama Leung alinunua blanketi la namna hiyo mwaka aliofika Melbourne, na mpaka leo hajawahi kujifunika nalo. Amelifungia kabatini kwa hasira.

Szeto Bik-Ha alijenga jina lake juu ya hasira hizo. Ziara zake ziliondoka kitongoji cha Box Hill Jumamosi asubuhi, mbele ya duka la bata wa kuchoma, na kwenye kibendera chake cha manjano alishona kwa uzi mwekundu: hatupiti dukani. Wanawake wakamwamini. Walikuwa wapishi wa mikahawani, washonaji, wajane, na wale walioletwa na watoto wao waje kulea wajukuu. Hawakuwa watu wa kwenda mahali peke yao. Hata posta hawaendi bila mwenzi. Lakini mtu akiinua kibendera mbele yao, watamfuata mpaka mwisho wa dunia, mradi kuwe na choo na maji ya moto.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya Desemba, basi likielekea kwenye mashamba ya cheri, Bik-Ha alikaa kiti cha mbele akikunja na kukunjua kibendera chake. Wakishachuma, basi lingekata kona. Na yeye ndiye aliyemwambia dereva akate.

Alifanya hivyo kwa ajili ya wifi yake.

Ng Yim-Fong, ambaye basi zima lilimwita Dada Fong, alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyemlea mumewe huyo, ndiye aliyetangulia Australia akaosha vyombo mpaka kucha zikamtoka, ndiye aliyewaleta wote. Alikuwa na ulimi wa kumenya viazi. Akisema supu ina chumvi, basi ina chumvi, hata kama chumvi iko bado dukani. Na Dada Fong hakuwahi kupimwa mlango wa kizazi tangu azaliwe.

"Mimi siumwi," alisema kila alipoguswa. "Mtu asiyeumwa akienda hospitali anatafuta nini? Na tangu afe mume wangu Bwana Lok, biashara ile nilishafunga. Mtu anakagua nyumba iliyofungwa?"

Bik-Ha alicheka na wengine, lakini alijua lililo chini ya mzaha huo. Keung, mumewe, alimsimulia mara moja tu. Mama yao alikufa kijijini huko Toishan, China, Keung akiwa bado anabebwa mgongoni na Fong akiwa binti wa miaka kumi na miwili. Watoto waliambiwa ni upepo wa tumbo. Lakini Fong ndiye aliyekuwa akienda bwawani alfajiri, kabla majirani hawajaamka, kufua vitambaa vya damu. Alifua mpaka vikaisha kufuliwa. Hadi leo mtu akitaja ugonjwa ule mezani, Fong hutema mate pembeni, ptu, ptu, ptu, kufukuza mkosi, kisha huuliza nani anataka wali zaidi.

Huko mashambani siku ilikuwa nzuri kiasi cha kuudhi. Cheri ziliiva mpaka zikawa nyeusi, na sheria ya mwenye shamba ilikuwa kwamba ukiwa chini ya mti, kula utakavyo. Ukiwaambia hivyo wanawake waliokua na njaa, umekwisha. Mama Leung alipanda ngazi akawa hashuki. Bi Tam, mzee kuliko wote, mwenye miaka themanini na meno yake mwenyewe, alikaa kwenye nyasi akala kwa utaratibu wa mtu aliyeajiriwa. Dada Fong alizunguka na ndoo akiwakosoa wote.

"Wifi, hizo unazochuma zina baridi, zitakuumiza tumbo. Chuma za upande wa jua! Mtu mzima hujui hata kuchuma tunda?"

"Nichagulie basi, wifi."

"Nikuchagulie, nikutafunie, nikumezee?" Lakini alimchagulia, tena zile nene, akampa kiganja kizima.

Bik-Ha alikuwa amepanga kusema wakati wa chakula, matumbo yakiwa yamejaa na mioyo imelainika. Walikula wali uliofungwa kwa majani chini ya miti, wakanywa maji ya moto kutoka kwenye chupa zao ingawa jua lilikuwa linachoma, wakaimba. Akafungua mdomo mara moja, akaufunga. Akafungua tena, Mama Leung akautilia cheri. Mwoga hupata visingizio kila mahali, na chakula kikaisha, wakapanda basi, naye hajasema neno.

Stavros, dereva, Mgiriki mwenye tumbo la heshima, alikata kona kama alivyoagizwa. Basi likaingia mtaa wa nyumba za matofali na kusimama mbele ya zahanati. Lilikuwa jengo jipya, refu, jeupe. Upande wa barabarani halikuwa na dirisha hata moja.

Kisha sauti ya Mama Leung, kutoka nyuma:

"Blanketi!"

Ungedhani amesema moto. Mikoba yote ikakumbatiwa vifuani. Mtu akasema alijua tu, nauli hii haikuwa ya kawaida. Mwingine akasema hata cheri zile zilikuwa tamu mno, lazima kulikuwa na jambo. Bi Tam akafumba macho, akaanza kukoroma.

"Bik-Ha!" Mama Leung alisimama. "Kibendera chako kinasemaje? Hebu kisome, maana mimi macho yangu ni mabovu!"

"Mama Leung, hili si duka..."

"Na lile la kwanza waliniambia ni makumbusho!"

Wakati huo ndipo mlango wa basi ulipofunguka akaingia Nesi Pui-Shan, binti mwembamba mwenye tabasamu, mzaliwa wa hapa hapa ila Kikantoni chake safi kama cha bibi yake. Alikuwa amebeba kiboksi. Angekuja na fimbo isingekuwa vibaya kiasi hicho, maana wauzaji wote huja na tabasamu na kiboksi.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Ni bure kabisa."

"Bure!" Basi zima lilipiga kelele kwa pamoja. Lile la bure ndilo walilolijua kuliko yote. Hata blanketi lilianza na kikombe cha chai ya bure.

Nesi alimgeukia Bik-Ha, uso umeshuka. "Shangazi, hukuwaambia?"

Ulikuwa wakati wa kukimbia au wa kusimama. Bik-Ha alimtazama Dada Fong, aliyekaa kiti cha pili, mikono juu ya ndoo yake ya cheri. Hakupiga kelele kama wengine. Alikuwa amesoma maandishi ya Kichina yaliyobandikwa mlangoni pa zahanati, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Bik-Ha akashika kipaza sauti.

"Hapa hakuna blanketi," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hapa wanapima saratani ya mlango wa kizazi."

Ptu, ptu, ptu. Kila kiti kilitema. Bi Tam alitema bila kuamka.

"Temeni. Mkimaliza mniambie."

Wakamaliza.

"Nimekosea kuwaleta bila kuwaambia. Mkitaka, kibendera changu kichaneni. Lakini mnisikilize kwanza. Mwezi wa Julai niliwaaga nakwenda Sydney kumwona mjukuu. Sikwenda Sydney. Nilikuwa hospitalini hapa hapa mjini, kisha nimejifungia nyumbani. Nilikuwa nimepimwa kwa sababu daktari alinisumbua mpaka nikaona haya kukataa. Sikuumwa kitu. Nilikuwa napanda ngazi, nacheza dansi uwanjani, nabeba magunia ya mchele. Wakapima, wakakuta pameanza kuharibika. Hapajawa saratani, pameanza tu. Wakakata kipande kidogo. Jioni nikarudi nyumbani. Ndiyo hivyo."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, nao Wakantoni hawana tofauti: huficha, na wakiumbuka husema ni upepo wa tumbo. Hakuna aliyetema safari hii. Mama Leung alikaa chini taratibu. Bik-Ha hakuwaona hao wengine, alikuwa anamwona mtu mmoja tu, naye alikuwa anasimama.

"Julai," alisema Dada Fong.

"Ndiyo, wifi."

"Ulikatwa mwili, ukarudi nyumbani."

"Ndiyo."

"Nani alikupikia supu?"

Bik-Ha hakulitegemea swali hilo. "Keung."

"Keung! Keung hajui kuchemsha yai! Alikupikia nini?"

"Tambi," alisema Bik-Ha. Kisha, kwa kuwa siku ile ilishakuwa ya kusema kweli, akaongeza, "Za pakiti."

Basi zima likaguna. Jambo la saratani walikuwa wamelipokea kwa kimya, lakini tambi za pakiti kwa mtu aliyetoka kukatwa, hilo halikuvumilika.

"Mimi nakaa mtaa wa pili!" Sauti ya Fong ilipanda. "Mtaa wa pili! Nina mifupa kwenye friji, nina mizizi ya yungiyungi, nina chungu kinachotosha kijiji, na wifi yangu analala na kidonda tumboni anakula tambi za pakiti kama mwanafunzi! Mimi ni nani kwako? Mpangaji?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Si ungetema mate?"

"Ningetema mate, halafu ningepika!"

Mtu akacheka nyuma, akajiziba. Dada Fong alikuwa analia, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akilia, hakuna aliyejua atazame wapi. Bik-Ha aliweka kipaza sauti kitini, akamsogelea.

"Nilikuficha kwa sababu ya mama yenu," alisema kwa sauti ya chini. "Keung alinisimulia kuhusu bwawa. Sikutaka ufue tena vitambaa, wifi."

Fong alijifuta kwa kofia ya ziara. "Basi kama unajua, waniletea nini hapa? Atafutaye hupata. Mimi sitafuti."

"Mimi nilitafuta, nikapata. Na asubuhi hii nimekula cheri ulizonichagulia."

Fong alimtazama wifi yake kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayekagua samaki sokoni, akitafuta mahali palipooza. Hakupaona. Akaiweka ndoo chini, akachukua mkoba wake, akamgeukia nesi.

"Huyo atakayenitazama ni mwanamume?"

"Hakuna atakayekutazama, shangazi. Utaingia peke yako, utavuta pazia, utajipima mwenyewe kwa kijiti hiki." Nesi alifungua kiboksi. Ndani palikuwa na vijiti vyembamba vyenye pamba nchani, mfano wa vya kusafishia masikio, virefu kidogo tu. "Nitakueleza namna. Ukishindwa nitakusaidia, na usipotaka, utakaa hapa ule cheri. Hakuna anayelazimishwa."

Dada Fong alikigusa kijiti kile kwa ncha ya kidole. Kisha akaligeukia basi.

"Mnakaa hapo kwa nini? Mnasubiri blanketi? Bi Tam, acha kukoroma, mtu aliyelala hamenyi mbegu za alizeti!"

Hapo ikawa ziara. Bik-Ha aliinua kibendera kwa mazoea, nao wakapanga mstari nyuma yake, kofia za manjano tupu, wakaingia zahanati kwa mstari huo huo walioingilia bustani za maua na makumbusho ya reli. Stavros alishuka akaenda kusimama mbali sana. Wawili walibaki kwenye basi, na hakuna aliyewasema, angalau si mbele yao.

Ndani, nesi alieleza kwa mfano wa karatasi. Mama Leung aliuliza ikiwa baada ya bure hiyo kuna kitu kingine cha kusaini. Hakuna. Akauliza kama kijiti ni cha kuchukua nyumbani. Hapana, kinakwenda maabara. Akaingia chumbani kwa uso wa mtu anayekwenda kuuza ardhi ya ukoo, na muda mfupi baadaye wote wakamsikia, maana hajui kunong'ona:

"Kumbe ndiyo hivi tu? Yaani ndiyo hivi tu?"

Vicheko vikapasua mstari. Bi Tam alipofikiwa, nesi alimwambia kwa adabu kwamba kwa umri wake hahitaji tena kupimwa, na mzee akakasirika kikweli. Alikuwa amepanga foleni kama wenzake. Alitaka kujua ni nani aliyemwona mzee. Ikabidi apimwe presha ili aridhike, akatoka akiwaonyesha wengine mkono, presha yangu ya msichana, hebu oneni.

Dada Fong aliingia wa mwisho, akiwa amewasukuma wengine wote mbele yake. Mlango ukafungwa. Bik-Ha alisimama nje na kibendera. Wengine walitoka haraka, lakini Fong hakutoka. Kelele za wanawake ziliendelea kule mapokezini, mtu alikuwa tayari anagawa cheri kwa wahudumu, na mlango ule ukabaki kimya.

"Wifi," ilisikika sauti kwa ndani. Haikuwa ile ya kumenya viazi.

"Niko hapa."

"Mkono unatetemeka."

"Nimwite nesi?"

"Hapana. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Wewe si kiongozi wa ziara? Ongea!"

Basi Bik-Ha akaegemea mlango akaongea. Akamweleza barabara ya kurudia, kwamba upande wa kushoto watapita mto, na upande wa kulia kuna shamba la farasi. Akamsimulia Mama Leung alivyokwama juu ya ngazi, na Stavros alivyoenda kumshusha akajikuta anapewa ndoo ashike. Aliongea kama alivyoongea kwa miaka kwenye kipaza sauti, maneno ya kupitisha safari. Katikati ya habari za farasi mlango ukafunguka.

"Farasi nimewasikia inatosha," alisema Dada Fong. "Twende, watu wanasubiri."

Sikukuu ya majira ya baridi huangukia Melbourne katikati ya joto. Kalenda ya kwao haijui kuwa watu wake wamehamia chini ya dunia, na Wakantoni hawajaona sababu ya kuiambia. Kwa hiyo siku ile, jasho likiwatiririka, familia yote ilikuwa jikoni kwa Dada Fong ikifinyanga vidonge vya unga wa mchele vya kutia kwenye mchuzi mtamu wa tangawizi, kana kwamba nje kunaanguka theluji. Keung alifinyanga vyake vikawa pembetatu, dada yake akavitupa bakulini upya.

Wiki hiyo kina Mama Leung walikuwa wameanza kupokea majibu, wakipigiana simu kama watu walioshinda bahati nasibu. Mmoja wao alitakiwa arudi kuangaliwa zaidi, naye alikwenda Alhamisi na kofia tisa za manjano nyuma yake, wahudumu wakakosa viti. Jibu la Fong lilikuwa bado. Hakulitaja. Lakini Bik-Ha aliona kuwa simu, ambayo siku zote hukaa chumbani, leo imewekwa karibu na unga.

Ilipolia, Fong alimpa Bik-Ha kwa mikono iliyojaa unga. "Sikiliza wewe."

Alikuwa Nesi Pui-Shan. Bik-Ha alisikiliza, akashukuru, akakata. Keung aliacha kufinyanga.

"Huna kitu, wifi," alisema Bik-Ha. "Kirusi kinacholeta saratani hiyo hakipo. Safi kabisa. Utarudi baada ya miaka mitano."

Keung alipiga makofi, unga ukaruka. Bik-Ha alimkumbatia wifi yake, akacheka, akasema leo supu hata ikiwa na chumvi, haina chumvi. Ilimchukua muda kutambua kwamba mwenzake hacheki. Dada Fong alikuwa amekaa juu ya kigoda, akiutazama mkono wake, vidole viwili vimekutana kana kwamba bado vimeshika kitu chembamba.

"Kijiti kile tu?" alisema.

Akavisugua vidole vile.

"Kijiti cha pamba. Kijiti kama cha masikio. Mama alilia miezi nane, Keung, wewe hukumbuki. Nilidhani ni jambo kubwa. Maisha yangu yote nilidhani ni jambo kubwa, kitu kisichozuilika, kitu cha miungu." Sauti ilikatika, akaivuta tena. "Kumbe alikosa kijiti."

Keung alipiga magoti mbele ya dada yake kwenye sakafu yenye unga, akaweka kichwa mapajani pake kama alivyokuwa akifanya utotoni, na Fong akamwachia, akampapasa nywele kwa mikono ile ile nyeupe mpaka akaonekana mzee. Bik-Ha aliwageuzia mgongo ili walie kwa uhuru. Yeye alilia akitazama sufuria.

Kisha kigoda kikasukumwa. Alipogeuka, Dada Fong alikuwa tayari amesimama, simu sikioni, unga mpaka kwenye kope.

"Hoi-Yan? Ni mama yako. Uko kazini, najua uko kazini, benki haitakimbia. Wewe umewahi kupimwa? Usiniulize kupimwa nini, wewe ni msomi. Huumwi? Nani kakuuliza kama unaumwa! Sikiliza mwanangu. Bibi yako hakufika huo umri ulio nao leo. Toka nje hapo. Ndiyo, sasa hivi. Mwambie mkubwa wako mama yako amekuja kukuchukua."

Akakata simu, akavua aproni.

"Wifi," alisema, "lete kibendera."